Uzi: Katenki ka lita 12, niweke samaki gani ambao hawatakufa tena?

MamaTabata

Habari zenu wakuu, mimi mgeni kabisa kwenye haya mambo ya samaki wa mapambo, naombeni msaada kabla sijakitupa hiki kioo jalalani. Mwezi uliopita binti yangu alitimiza miaka saba akataka samaki, basi nikaenda dukani nikauziwa kile kitenki cha mezani, kokoto za bluu, goldfishi watatu wadogo kama kidole gumba na mwingine mweusi wa kunyonya kioo, muuzaji akaniambia huyu ndo mfanya usafi wako, wala hutahangaika na maji.

Siku ya kwanza raha tupu. Siku ya tatu maji yakawa kama togwa, nikamwaga yote, nikasugua kokoto na sabuni ya vyombo, nikajaza maji ya bomba hapohapo nikawarudisha. Usiku wakawa wanahema juujuu midomo nje, mimi nikadhani wana njaa nikawaongezea chakula 🙈 Asubuhi wawili wanaelea. Wa tatu akafa Jumapili, yule mweusi akavumilia wiki nzima na yeye akaenda. Tumewazika chini ya mpapai na binti akataka tuimbe wimbo, tukaimba.

Sasa kioo kiko tupu juu ya stuli. Kina urefu sentimita 30, upana 20, kimo 20. Niweke samaki gani, na wangapi? Nyumba ya kupanga, sitaki lidude kubwa.

Kaka Mpole

Weka dagaa wa Mwanza, wanakuja wakiwa wameshakufa, hutalia tena 😂

MamaTabata

Kaka Mpole Mungu anakuona 😂😂

Maji Kwanza

Pole dada. Usijilaumu sana, karibu kila mtu humu alianza hivyohivyo, mimi niliua kumi na moja kabla sijaelewa chochote.

Tuanze na hesabu. 30 mara 20 mara 20 unapata 12,000, gawa kwa 1,000 ni lita 12, hiyo ni kama ukijaza mpaka kwenye ukingo bila kokoto. Toa kokoto, toa ile nafasi ya juu, unabaki na lita 9 au 10 za maji ya kweli. Hiyo ndo nyumba yao. Ndoo ya kuogea ina maji mengi zaidi.

Sasa goldfishi. Goldfishi wa dukani si samaki mdogo, ni mtoto wa samaki mkubwa. Wale wa umbo la kawaida wanafika sentimita 20 na kuzidi, wale wenye matumbo na mikia ya khanga wanapungua kidogo, na akitunzwa anaishi miaka kumi na zaidi, binti yako angemkuta bado yupo akiwa sekondari. Anakula kama ng'ombe na anachafua kama ng'ombe. Na yule mweusi ndo kabisa, wale wanakua mpaka sentimita 30 na kuendelea, na kinyesi chake peke yake ni kamba ndefu kila siku. Hakuna samaki anayesafisha tenki wakuu, samaki wote wanachafua, wengine wanalamba tu kioo huku wakichafua.

Kilichowaua ni amonia. Samaki anatoa amonia kwenye matamvua yake kila anapohema, halafu chakula kilichobaki na kinyesi vikioza vinaongeza amonia nyingine juu yake. Mtoni inasombwa na maji. Kwenye lita kumi haina pa kwenda, anaivuta ileile aliyoitoa. Tenki lililokomaa lina bakteria wanaokaa kwenye sponji ya filta na kwenye kokoto, kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati ambayo si mbaya sana na unaitoa kwa kubadilisha maji. Hao bakteria wanahitaji kama wiki nne mpaka sita kujijenga. Wewe ulikuwa na siku tatu, na hata wale wachache waliokuwa wameanza ukawamaliza na sabuni, halafu ukaweka maji yenye klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, ambayo inaunguza matamvua. Kuhema juujuu haikuwa njaa.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza samaki gani nakuuliza mimi: maji yako yanatoka wapi? Bomba au kisima? Na una filta?

MamaTabata

Duh. Nimesoma mara mbili na roho inaniuma, kumbe niliwaunguza.

Filta sina, aliniambia kitenki kidogo hakihitaji. Maji ni ya bomba yakitoka, na hayatoki kila siku, siku nyingine tunanunua ya kisima, yana chumvichumvi fulani. Birika langu ndani lina magamba meupe mpaka nalikwangua na kijiko.

Maji Kwanza

Hiyo birika imeniambia kila kitu. Magamba meupe ni chokaa, maana yake maji yako ni magumu, na maji ya namna hiyo mara nyingi yana pH (kile kipimo cha uasidi, ikipanda maji yanazidi kuwa mbali na asidi) ya juu pia. Kumbuka na hili, amonia inakuwa kali zaidi kadri pH inavyopanda na joto linavyopanda, kwa hiyo uchafu uleule ambao kwa mtu wa maji laini na baridi ungemuua samaki kwa wiki mbili, kwako Dar na joto hili la maji nyuzi 28, 29 unamuua siku mbili.

Kwa maji hayo sahau neoni tetra. Najua ni wazuri, kila mtu anawataka, ule mstari wa bluu unawaka kama taa ya baa. Lakini asili yao ni mito ya Amazon yenye maji laini, wanataka kukaa kundi la sita kwenda juu, na hawavumilii tenki jipya. Sita kwenye lita kumi hapana.

Gapi80

Mimi naona mnamtisha mama wa watu. Gapi ndo jibu hapo, gapi anapenda maji magumu, chumvi kidogo hata haimsumbui, ana rangi, mdogo, hana gharama. Mtoto atafurahi maana wanacheza siku nzima.

Ila dada nunua MADUME MATUPU. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu mimi hili jina langu mnaloliona lina historia. Nilinunua dume mmoja jike mmoja, nikasema niwe na ka-familia. Baada ya kama mwezi nikakuta vitoto 20 na kitu vimejificha nyuma ya filta, nikafurahi nikapiga picha nikatuma kwa kila mtu. Mwezi uliofuata tena. Nikamtoa dume nikampa jirani, nikadhani nimemaliza kazi, jike akazaa tena bila dume! Kumbe anaweka mbegu tumboni anaitumia kidogokidogo kwa miezi. Baada ya nusu mwaka nilihesabu 80 nikaacha kuhesabu. Nilikuwa naenda kwenye harusi na mfuko wa gapi kama zawadi.

Na usidanganyike ununue "jike mmoja tu peke yake awe mpole", jike aliyekaa na madume kwenye tenki la duka ni mjamzito tayari, huna haja ya kumpima.

Kaka Mpole

Harusi na mfuko wa gapi 😂😂😂 bwana harusi alisemaje

Gapi80

Alisema ahsante. Baada ya miezi mitatu akanipigia simu kwa hasira.

Maji Kwanza

Gapi80 nakubaliana na wewe kwa kila kitu isipokuwa ukubwa wa tenki. Madume matano lita kumi utawaona wanafukuzana mchana kutwa, dume mnyonge anaishia kona ya juu mapezi yamechanika. Gapi dume ana sentimita tatu tu lakini hatulii, anahitaji urefu wa kukimbilia. Mpe lita 25 au 30, hapo weka madume matano sita bila wasiwasi. Lita kumi mimi naweka samaki mmoja tu duniani, beta dume, na hata yeye ningempa 20 kama mfuko unaruhusu.

Beta ni yule wa mapezi marefu kama shela la bibi harusi, asili yake Thailand, kule serikali ilimtangaza mwaka 2019 kuwa mnyama wa majini wa taifa. Ana kiungo fulani juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu, ndo maana unamwona anapanda anachota hewa anashuka. Joto la Dar ndo lake. Anamjua mtu anayemlisha, anakuja mbele ya kioo anajitikisa. Kwa mtoto wa miaka saba samaki mmoja mwenye jina ni bora kuliko sita wasio na majina.

Masharti: dume mmoja tu, ukiweka wawili watauana kweli. Usimchanganye na gapi, ile mikia anaidhania ni beta mwenzake anaichana. Funika tenki maana anaruka, lakini acha hewa kati ya maji na kifuniko. Na filta iwe ya taratibu, mkondo mkali unamchosha kwa yale mapezi.

Kaka Mpole

Sasa hapa niulize kwa uzito kidogo, si huwa wanauzwa kwenye vikopo vidogo kama vya mtindi na wanaishi? Na nimesikia kwao wanakaa kwenye madimbwi. Lita kumi si ni ikulu hiyo?

Maji Kwanza

Swali zuri na ndo hadithi ambayo kila muuzaji anaisema. Kwao anakaa kwenye mashamba ya mpunga na vinamasi, maji ya kina kifupi ndiyo, lakini eneo lake ni shamba zima. Wewe ushawahi kuona majaruba ya mpunga Kilombero, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu lakini jaruba halina mwisho. Hilo si kopo. Kwenye kopo haishi, anachelewa kufa, kwa sababu anavuta hewa ya juu hata maji yakiwa mabovu. Amonia inamuunguza vilevile ila taratibu, mapezi yanaanza kuoza pembeni, watu wanasema amezeeka.

Fundi Kioo

Natengeneza hivi vitenki kwa hiyo naongea kama muuza jeneza 😄 Dada kioo cha lita 12 kazi yake ni pambo. Tofauti ya bei kati yake na 40 kwa 25 kwa 25 si kubwa, kioo kinaongezeka kidogo tu lakini maji yanakuwa lita 25, zaidi ya mara mbili. Na maji mengi ndo rahisi kutunza, watu wanadhani kinyume. Ukikosea kipimo cha chakula kwenye lita 25 maji yanakuvumilia, kwenye lita 10 kesho yake unazika.

Angalia urefu na upana kuliko kimo. Wateja wanapenda tenki refu la kwenda juu kama mnara, linapendeza sebuleni, lakini hewa inaingia kwenye maji kupitia uso wa juu, mnara una uso mdogo. Hasa mjini hapa, maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo.

Na hiyo stuli hapana. Lita 25 ni kilo 25, weka kokoto na kioo chenyewe unafika 35. Tafuta meza inayokaa sawa isiyotikisika, chini yake weka kipande cha foma kama godoro jembamba. Mbali na dirisha la jua la saa nane, utafuga mwani badala ya samaki.

Mkazi wa Ngaramtoni

Samahani kuingilia uzi wa dada, mimi niko Arusha, hayo mambo ya joto la Dar kwetu hayapo. Mwezi wa saba usiku ni baridi ya koti. Beta wangu wa kwanza nilimkuta asubuhi amelala chini kama jani, nikadhani amekufa, nikaweka mkono kwenye maji, baridi kama ya friji. Jua lilipopanda akaamka. Iliendelea hivyo wiki mbili akaota vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwili mzima, akafa.

Maji Kwanza

Vidoa vyeupe ni kimelea, samaki aliyechoshwa na baridi inayopanda na kushuka anakamatwa haraka. Kwako hita si anasa. Kwa lita 20 mpaka 25 chukua ya wati 25 au 50 yenye kujizima yenyewe, weka 26, nunua na kipimajoto cha kubandika usiiamini namba ya kwenye hita. Tenki dogo linapoteza joto haraka usiku, hiyo nayo ni sababu nyingine ya kuongeza lita.

Mtoto wa Ujiji

Nimesoma uzi wote na mnaongelea samaki wa Thailand na Amazon kama vile sisi hatuna wetu 😏 Ziwa Tanganyika lina samaki wanatafutwa Ulaya na Marekani kwa pesa nyingi, na kuna wadogo kabisa. Wapo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, dume ana sentimita nne na kidogo, jike tatu, kitaalamu *Neolamprologus multifasciatus*. Ziwa hilohilo lina kuhe anayepita nusu mita! Hawa vidogo wanachimba mchanga kwa mdomo, wanalizika kombe libaki tundu tu, kila mmoja na nyumba yake, ukisogeza kombe la mtu anakasirika analirudisha. Nimekaa mbele ya tenki la jamaa yangu saa nzima chai ikapoa.

Na maji ya Tanganyika ni magumu, pH inapita 8.5, kwa hiyo hiyo birika ya dada yenye magamba ni mali.

Maji Kwanza

Mtoto wa Ujiji umenigusa penyewe, ninao hao. Kwa anayeanza ningesema lita 40 kwenda juu, mchanga laini sentimita tano hivi, na makombe mengi kuliko samaki. Ila tenki liwe limekomaa kweli. Namwekea dada kama darasa la pili. Kitu kimoja tu: usije ukachanganya na mbuna wa Ziwa Nyasa kwa sababu dukani wote wanaitwa "sikilidi", mbuna ni wakorofi na tenki lao linaanzia lita 200.

Pakacha

Na sie Unguja tunaye wetu, ana jina la kisayansi *Nothobranchius guentheri*, anaishi kwenye vidimbwi vya mvua. Dume ana mkia mwekundu ungedhani kapakwa rangi. Dimbwi likikauka wakubwa wote wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope kavu mpaka mvua nyengine, ikinyesha yanaanguliwa, wanakua mbio mbio wanataga kabla ya jua halijarudi. Udogoni tulikuwa tunastaajabu samaki wametoka wapi na dimbwi halina mto.

Ila jamani msende na ndoo mkawachota, hawapo pengine popote duniani kwa asili isipokuwa hapa kisiwani, na vidimbwi vyenyewe vinafukiwa kila siku watu wanajenga. Halafu maisha yao ni mafupi, binti atalia tena.

Gapi80

Na wanaowachoka samaki wasiwamwage mtoni. Hata mimi na wale 80 nilishawishika, kuna mfereji nyuma ya nyumba. Nikakumbuka sangara waliyemweka Ziwa Victoria miaka ya 1950 alivyowamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo. Rudisha dukani au mpe mtu. (Sio kwenye harusi.)

Kaka Mpole

Mdogo wangu yeye alimweka kambale. Alikuwa na urefu wa kalamu, akawa anamlisha mabaki ya ugali. Tenki lilikuwa na samaki saba wa rangi, baada ya miezi minne lina samaki mmoja mnene. Siku moja umeme umekatika tunasikia kitu kinatembea sakafuni… sijawahi kukimbia hivyo.

MamaTabata

Nimecheka mpaka binti kaja kuuliza 😂😂

Nimewasikiliza wote. Nimeamua: Fundi kanitengenezea 40 kwa 25 kwa 25 (sio Fundi Kioo wa humu, wa mtaani kwetu), nimeweka juu ya kale kaukuta ka zege pembeni ya mlango. Kale ka zamani nakatumia kutulizia maji. Nitaweka beta mmoja. Nilitamani gapi lakini binti ameona picha ya beta mwekundu basi yameisha. Sasa nipeni hatua maana sitaki tena mazishi.

Maji Kwanza

Safi sana. Usikimbie sasa.

Nunua filta ya sponji na kapampu kadogo ka hewa, vile ndo rahisi kuliko vyote na haina mkondo mkali. Tafuta na kale ka valvu ka kuzuia maji yasirudi kwenye pampu umeme ukikatika, ni kitu kidogo kimeokoa masakafu mengi. Kokoto osha kwa maji matupu, sabuni isikaribie. Mimea weka, hata ile ya kuelea inayoota haraka, inakula amonia.

Maji ya bomba yaache kwenye chombo kilicho wazi saa 24, klorini ya kawaida inapaa yenyewe, ukitaka uhakika zaidi dukani kuna dawa ya matone ya kuondoa klorini. Kisha washa filta na usiweke samaki. Kila siku chache tupia punje za chakula kama unalisha mzimu, zioze, bakteria wapate cha kula. Wiki nne mpaka sita. Ukipata mtu mwenye tenki la zamani lenye samaki wazima, muombe akukamulie sponji yake kwenye maji yako, au akupe kipande chenyewe kikiwa kimelowa, hapo unafupisha sana. Kuna vijiti vya kupimia, ukiona amonia sifuri na nitriti sifuri wakati bado unatupia chakula, uko tayari.

Samaki akishaingia badilisha robo ya maji kila wiki, sio yote. Yote ndo kosa lako la kwanza. Sponji ikiziba ikamue ndani ya ile ndoo ya maji uliyotoa kwenye tenki, kamwe usiipeleke bombani. Chakula, punje tatu nne asubuhi, tatu nne jioni, tumbo la beta ni kama ukubwa wa jicho lake. Funga kopo la chakula juu kabatini, binti anaweza kuwa na huruma sana.

MamaTabata

Kopo lishapanda juu ya kabati 😅

MamaTabata

Wakuu nimerudi, wiki ya tano. Jirani wa mtaa wa pili alinipa kipande cha sponji kilichooza kwa macho yangu, nimekitumbukiza nikishika pua. Maji yalififia kidogo kama moshi siku nne hivi yakajisafisha yenyewe bila mimi kugusa kitu, nilijizuia kwa nguvu zote nisiyamwage. Vijiti vinasoma sifuri na sifuri. Jana beta ameingia. Binti amemwita Mheshimiwa.

Nilifanya mlivyosema kwenye nyuzi za zamani, mfuko ukaelea dakika ishirini, nikawa naongeza maji ya tenki kikombe kimoja kimoja. Akatoka, akazunguka kuta zote nne kama mpangaji anakagua chumba, akapanda akachota hewa, akajificha kwenye mmea. Leo asubuhi amekula.

Maswali mawili. Umeme ukikatika usiku mzima? Na je naweza kumpa viluwiluwi vya mbu? Kuna ndoo nje vimejaa.

Fundi Kioo

Umeme, samaki wako mwenyewe hatapata shida maana anavuta hewa ya juu. Wanaoteseka ni bakteria wa kwenye sponji, nao kwa kuwa sponji iko ndani ya maji wanavumilia saa kadhaa. Zipo pampu za hewa za waya wa USB, unachomeka kwenye pawabenki inalala mpaka asubuhi. Siku ya giza usimlishe, basi.

Maji Kwanza

Viluwiluwi ni biriani kwake. Chuja kwa kichujio cha chai, suuza, mpe vinne vitano, utamwona anavyowinda. Lakini usifuge mbu kwa kisingizio cha samaki, si mnakumbuka dengi ya 2019 ilivyotupiga Dar. Chota vyote leo, ndoo imwage uifunike.

Mkazi wa Ngaramtoni

Mimi nimeweka hita, maji 26 usiku kucha. Beta wa pili ana mwezi sasa, hajalala chini hata siku moja.

MamaTabata

Jamani samahani, nimeamka nakuta juu ya maji pembeni ya mmea kuna mapovu madogomadogo meupe yameshikana kama povu la Omo, upana wa sarafu ya mia mbili. Nimemgombeza binti nikidhani kaosha mikono humo, analia anasema hajagusa. Mheshimiwa amekaa chini ya hayo mapovu hatoki. Nimeshika ndoo hapa, nimwage maji?

Maji Kwanza

WEKA NDOO CHINI 😂

Ni yeye ameyapuliza, ni kiota. Dume la beta linajenga kiota cha mapovu cha kuwekea mayai, hata kama jike hakuna. Muombe binti msamaha.